Antena ya umeme ya gari la zamani: tengeneza, usikimbilie kubadilisha (mwongozo kamili)

Kama una Mercedes W124, Land Cruiser 80, Crown ya zamani au gari lolote la miaka ya 80 na 90 lenye antena inayopanda yenyewe ukiwasha redio, basi ama ishagoma ama iko njiani kugoma, na ukienda kwa fundi redio jibu analo mdomoni tayari, "mota imekufa bosi, tuweke ya kawaida tu", anachomoa kila kitu anakuwekea kile kifupi cha mpira au ile ya kubandika kwenye kioo, na ukishatoka mjini kidogo tu redio inaanza kukwaruza. Mi nakwambia mota haifi kirahisi hivyo. Kinachokufa mara nyingi ni kamba ya nailoni iliyo ndani, au fimbo imejaa vumbi na chumvi inashindwa kupanda, au kuna waya haupati moto basi. Mota iweke ya mwisho kwenye orodha ya washukiwa.

Na ile fimbo ndefu ina maana yake, sio urembo. FM kwenye masafa ya katikati, tuseme 98 MHz, robo ya wimbi lake ni kama sentimita 76, na fimbo ya antena ya umeme ikipanda yote huwa inacheza kwenye urefu huo huo, ndo maana inakamata stesheni ya mbali bila msaada wowote. Kile kifupi kinategemea kikuza mawimbi kidogo chenye umeme, na kikuzaji kinakuza na makelele pia.

Ndani kuna nini

Fimbo ni mabomba membamba yanayoingiana, la nyembamba kabisa liko katikati. Chini ya hilo la nyembamba imefungwa kamba ndefu ya nailoni yenye meno upande mmoja, kamba inapita ndani ya mabomba yote mpaka kwenye mota. Pale kuna gia inakamata yale meno, ikizunguka huku inasukuma kamba juu na fimbo inapanda, ikizunguka kule inavuta na kamba inajikunja ndani ya kasha la duara lililo pembeni ya mota. Kati ya mota na gia kuna klachi ndogo, fimbo ikifika mwisho klachi inateleza, ndo ile tak-tak unayoisikia sekunde moja mbili kabla haijanyamaza. Nyingine badala ya klachi pekee zina swichi za kukata umeme zikifika mwisho.

Waya kwa kawaida ni tatu: wa moto wa kudumu kutoka betri kupitia fyuzi, wa bodi (hasi, unafungwa kwenye chuma cha gari), na mmoja mwembamba unaotoka redio, huu ndio wa amri. Redio ikiwaka waya wa amri unapata volti 12, rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) inapeleka mota juu. Redio ikizima amri inakatika, rilei inageuza umeme mota inashusha. Hapo kuna kitu watu hawakishiki: kushuka kunahitaji ule moto wa kudumu, kwa hiyo ukichomoa betri antena ikiwa juu itabaki juu, haijaharibika.

Sikiliza kabla ya kufungua chochote

Zima kelele zote, fungua buti (au boneti, kwenye Land Cruiser antena iko fenda ya mbele), mtu mmoja awashe redio na wewe weka sikio karibu na mota.

Ukisikia mota inazunguka ngrrrrr na fimbo haijatikisika hata kidogo, mota nzima, kamba imekatika au meno yameliwa. Hii ndo kesi ya wengi.

Ukisikia inahangaika, inapanda nusu halafu tak-tak-tak-tak mfululizo, fimbo imepinda au chafu na klachi inateleza kwa sababu inasukuma kitu kigumu. Hii usiichelewe, ukiiacha hivyo wiki kadhaa meno yanaliwa na unahamia kesi ya kwanza.

Kimya kabisa ni umeme, au ndo mota yenyewe, tutaona. Ukisikia tik moja ya rilei halafu kimya, amri inafika lakini mota haipati moto au kaboni (zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka ya mota) zimeisha.

Halafu kuna ile inayonguruma bila kukoma hata ukishazima redio na kufunga gari. Hiyo chomoa fyuzi yake au soketi yake leo leo maana asubuhi utakuta betri imelala.

Vifaa

Bisibisi ya nyota na ya bapa, spana namba 10 na 8, praiza, ile koleo ya kufungulia snapringi (inasaidia sana kwenye nati ya juu, ile yenye vijishimo viwili), mita au hata testa ya taa, tambara safi, mafuta ya taa kidogo, msasa laini wa 600 kupanda, silikoni ya kupuliza na grisi nyeupe. Na kama utaishusha mota, tafuta betri ya pikipiki ya volti 12, utanishukuru, kujaribia mezani ni raha kuliko kukimbia kati ya buti na dashibodi.

Kama iko kimya: fuata moto

Anza na fyuzi, nyingi ni ya ampia 10. Usiiangalie kwa macho, ipime. Fyuzi nzima? Nenda kwenye soketi ya mota, ichomoe, weka mita. Waya wa kudumu uwe na volti 12 hata funguo haipo. Waya wa amri uwe sifuri redio ikizimwa na 12 ikiwashwa. Waya wa bodi upime kati yake na chuma tupu cha gari, iwe karibu na ohm sifuri. Gari zilizoishi Dar, Tanga, Mombasa au Zanzibar waya wa bodi ndo wa kwanza kuushuku, pale unapofungwa kwenye chuma panaota kutu ya kijani na nyekundu, unafungua boliti, unapiga msasa mpaka chuma king'ae, unafunga tena, mara nyingi mchezo umeishia hapo.

Kama amri haifiki, uliza hivi: redio ya gari ilishabadilishwa? Karibu zote zimebadilishwa. Redio za siku hizi zina waya wa bluu mtupu na mwingine wa bluu wenye mstari mweupe. Bluu mtupu ni wa antena, bluu-nyeupe ni wa kuamsha amplifaya, na mafundi wengi wanaviacha vyote vinaning'inia nyuma ya dashibodi vimefungwa selotepu. Unganisha bluu na waya wa amri wa gari. Kwenye redio nyingi huu wa bluu mtupu unakuwa na umeme pale tu unaposikiliza stesheni, ukihamia bluetooth au flashi unakatika na antena inashuka, na mi naona hiyo ndo nzuri zaidi, fimbo inachoka kidogo. Ukitaka iwe juu muda wote redio ikiwaka tumia bluu-nyeupe.

Onyo moja zito: ule waya wa bluu ni wa amri tu, hauna nguvu ya kuzungusha mota. Mtu akiunganisha mota moja kwa moja pale anaunguza redio. Mota inakula moto wake kutoka betri kupitia fyuzi yake, amri inaamsha rilei tu.

Ukiwa pale kwenye waya wa amri, kata katikati uweke kiswichi kidogo chini ya dashibodi. Ukiingia parking yenye paa fupi au ukimpa gari kijana wa kuosha unakizima, antena inalala huku muziki unaendelea. Fimbo nyingi zinapindia kwenye kuosha gari, jamaa anafuta paa kwa nguvu zote na tambara linanasa.

Kama inahangaika: usafi na kunyoosha

Pandisha antena yote kisha chomoa fyuzi yake ili ibaki juu. Chukua tambara lililolowa mafuta ya taa kidogo, futa kila bomba kuanzia juu kushuka chini, utashangaa uchafu mweusi unaotoka. Rudia kwa tambara kavu. Zile sehemu za maungio ndo zinabeba uchafu mwingi, zizungushe kidogo kwa vidole huku unafuta. Kama kuna madoa ya kutu yasugue na dawa ya kung'arishia chuma, sio msasa wa nguvu, ukikwangua ile kromu umemwita kutu mwenyewe.

Halafu angalia kama imenyooka. Simama nyuma yake, funga jicho moja, iangalie kuanzia chini kwenda juu. Penye kona pakamate kwa vidole gumba viwili, kimoja kila upande wa pindo, sukuma kidogo kidogo, usitumie praiza maana itabonyeza bomba na bomba lililobonyea halitaingia kwenye mwenzake tena milele. Kupinda kidogo kwa ile nyembamba ya juu kunanyooka vizuri. Kama bomba la katikati limekunjika mpaka kuna mkunjo unaoonekana, usipoteze muda, hiyo fimbo ni ya kubadilisha.

Mwisho puliza silikoni kwenye tambara (kwenye tambara, sio kwenye fimbo), futa fimbo yote, rudisha fyuzi, ipandishe na kuishusha mara kadhaa. Grisi na oili ya injini usithubutu kupaka pale, vumbi letu hili litaganda na ndani ya mwezi umerudi ulipoanzia.

Kama mota inazunguka na fimbo haiendi: badilisha kamba

Kamba inauzwa ikiwa imeshafungwa kwenye fimbo yake, yaani unanunua fimbo na kamba kwa pamoja bila mota. Za Mercedes nyingi ni Hirschmann na fimbo yake inapatikana peke yake, za Toyota zipo pia, na zipo za kila gari. Nenda maduka ya spea ya Gerezani kama uko Dar, au Grogan kama uko Nairobi, na ile ya zamani mkononi, usiende na jina la gari tu. Linganisha unene wa bomba la chini, unene wa kamba, nafasi kati ya jino na jino, na uzi wa nati. Jino likiwa tofauti gia haitalikamata vizuri, itakuwa inasaga. Halafu kunja kamba kidogo mkononi: ikibadilika kuwa nyeupe pale ulipokunja, hiyo nailoni kavu, imekaa dukani miaka, irudishe.

Kazi yenyewe kwenye gari nyingi haihitaji kushusha mota. Fungua nati ya juu kwenye bodi, toa kila washa (zile pete bapa za chini ya nati) na kile kipete cha plastiki, uvipange chini kwa mpangilio ulivyotoka, piga picha na simu. Weka tambara kuzunguka tundu usikwaruze rangi. Sasa msaidizi awashe redio. Mota itasukuma fimbo nje, na kwa kuwa nati haipo itatoka yote na kamba nyuma yake, we ipokee tu kwa mkono bila kuvuta. Kabla kamba haijaisha angalia meno yanatazama upande gani, mbele ya gari au nyuma, weka alama kwa peni kwenye selotepu. Hapa ndo watu wengi wanakwama baadaye.

Ilaze kamba ya zamani sakafuni, na ya mpya pembeni yake. Kama ya mpya ni ndefu zaidi ikate ilingane, kwa kisu kikali, ukate moja kwa moja bila kuacha nyuzi. Kamba iliyozidi inafanya fimbo ibaki imechomoza juu ya bodi hata ikishashuka. Na kama ya zamani imetoka vipande, viunge pale sakafuni kimoja kwa kingine uone kama vimetimia. Mwisho wa kamba ambao haujakatika unaonekana, umekatwa na kiwanda, laini. Kama mwisho huo huuoni basi kuna kipande kimebaki ndani, ruka uende sehemu inayofuata.

Kuingiza: shusha kamba mpya taratibu kwenye tundu, meno yakitazama ile alama yako, mpaka usikie imegota kwenye gia. Msaidizi azime redio, mota itaanza kuvuta, we sukuma kidogo na kuzungusha kidogo tu mpaka uisikie kamba inakukimbia mkononi, hapo gia imeshaikamata, iache iende huku umeshikilia fimbo imesimama wima. Isipokamata kabla mota haijanyamaza, awashe na kuzima tena, urudie. Ikishaingia yote bonyeza bomba la chini likae kwenye nafasi yake, rudisha kipete, zile washa na nati. Kisha panda shuka mara kadhaa ikae sawa. Ikibaki imechomoza sentimita moja mbili, mzunguko wa pili au wa tatu kawaida unairekebisha, klachi inajitafutia mwisho wake.

Kuunga kamba iliyokatika kwa kuyeyusha na kiberiti au kwa gundi, watu wanajaribu sana. Haishiki. Kiungo kinakuwa kinene hakipiti kwenye bomba, ukikikwangua kiwe chembamba kinakatika. Ila kama meno yameliwa sentimita chache tu mwishoni kabisa mwa kamba, unaweza kukata ile sehemu mbovu na kuirudisha, fimbo itapanda pungufu kwa urefu huo huo uliokata, redio wala haitajua.

Kipande kikibaki ndani: shusha mota

Chomoa tamino hasi ya betri. Toa kava la pembeni ndani ya buti, fungua boliti za kishikizo, chomoa soketi ya umeme, chomoa waya wa antena unaoenda redio, na ule mpira mwembamba wa chini wa kutolea maji, halafu mota inashuka na bomba lake zima. Land Cruiser unatoa ile plastiki ya ndani ya fenda kwanza, tairi likiwa limetolewa kazi inakuwa nyepesi.

Mezani, fungua skrubu za kasha la duara, polepole, chini ya kifuniko kunaweza kuwa na springi na washa za klachi. Piga picha kila unachotoa. Utakuta kamba ya zamani imejikunja humo, vipande vya meno vimesambaa kama pumba na grisi ya miaka 30 imegeuka nta ya kahawia. Toa vyote, sugua kwa mswaki wa zamani na mafuta ya taa, kausha. Pitisha kidole kwenye meno ya gia: kama ni makali na yamesimama, nzuri. Kama gia ya plastiki nayo imeliwa, tafuta mota ya mtumba iliyokufa ya aina hiyo hiyo kwa ajili ya gia yake, hapo ndo mota mbovu za wenzako zinakuwa mali.

Paka grisi nyeupe kiasi kwenye gia tu. Nyuso za klachi ziache kavu, ukizipaka grisi itateleza hata fimbo ikiwa nyepesi na utadhani kazi yote imeharibika. Funga, ingiza kamba mpya hapo hapo mezani kwa kutumia betri ya pikipiki: chanya kwenye waya wa kudumu, hasi kwenye waya wa bodi, na waya wa amri ukiugusisha chanya ni kama umewasha redio.

Mota yenyewe

Ukiipa umeme mezani na haizunguki, gonga kidogo kwa mpini wa bisibisi. Ikizunguka baada ya kugongwa, kaboni zimeisha au amecha (ile sehemu inayozunguka ndani ya mota) chafu. Fungua mfuniko wa mota, sugua ile shaba ya amecha kwa msasa laini mpaka ing'ae, safisha mifereji kati ya vipande vya shaba kwa pini, pulizia vumbi. Kaboni ikiwa fupi sana chukua ya mota nyingine iliyo kubwa kidogo uipunguze kwa msasa mpaka iingie na kuteleza yenyewe bila kubana. Amecha ikiwa imeungua, utaijua kwa harufu na rangi nyeusi ya nyaya, kuisuka inawezekana ila kwa kimota kama hiki mtumba ni rahisi zaidi.

Inapanda vizuri lakini redio haishiki kitu

Hapa mota haihusiki, ni waya wa mawimbi. Chomoa plagi ya antena nyuma ya redio upime kwa mita: kati ya ncha ya katikati na fimbo yenyewe iwe karibu sifuri, kati ya ncha na ganda la nje la plagi isiwe na mawasiliano kabisa, na kati ya ganda na bodi ya gari iwe karibu sifuri. Ncha na ganda zikiwasiliana kuna shoti, mara nyingi ni maji ndani ya bomba. Ganda na bodi zisipowasiliana ndo ile kelele ya wiiii inayopanda ukikanyaga mafuta, na gari iliyopigwa puti na rangi kwenye fenda huwa nayo sana, kishikizo kinakaa juu ya rangi badala ya chuma. Kwangua rangi pale chini pasipoonekana.

Na kama redio ni ile ile iliyotoka na gari Japani, kumbuka kwao FM inaanzia 76 MHz, redio nyingi za wakati ule zinaishia 90, wakati stesheni zetu ziko 88 mpaka 108. Ndo maana walikufungia kile kiboksi cha kubadilisha masafa kati ya plagi na redio. Kikikosa moto au kikichoka, antena nzima utaitukana bure. Kichomoe, chomeka antena moja kwa moja, tafuta stesheni kati ya 88 na 90, ikishika safi ujue mchawi ni kiboksi.

Maji

Kabla hujafunga kava la buti, pulizia ule mpira wa kutolea maji kwa mdomo. Umeziba kwa udongo karibu kila gari, maji ya mvua yanashuka na fimbo, yanakosa njia na kujaa kwenye kasha la kamba. Uzibue kwa waya mwembamba, hakikisha mwisho wake umetoka nje ya bodi na hauishii ndani ya buti. Raba ya juu kwenye tundu ikiwa imepasuka weka mpya, na usiijaze silikoni ya kuziba, bomba litagandia na siku ya kulitoa utalia.

Ikishindikana kabisa

Mota imeungua, gia hakuna, mtumba hujaupata. Bado usitoboe gari. Chomoa soketi ya umeme na uifunge vizuri, fungua kasha utoe kamba, rudisha kila kitu mahali pake na waya wa redio ukiwa umechomekwa, kisha pandisha fimbo kwa mkono. Kama inajishukia yenyewe, weka kipande kidogo cha mpira wa tyubu kwenye ungio la bomba la chini. Redio itashika kama zamani, na siku ukiipata mota unairudishia tu.